Pikipiki Iliyomkataa Mke wa Shabani

Benchi langu la Maili Moja nimelifunga. Mikono bado ina nguvu, lakini macho yamekataa kuona nafasi ya pointi, na fundi wa umeme asiyeona nafasi ya pointi anabahatisha. Mimi sikuwahi kubahatisha na sitaki kuanza uzeeni. Nyinyi mliobaki pale mmeniomba niwaandikie kazi nilivyoifanya tangu Uhuru hadi juzi. Nitaandika. Nani alinilipa nini na nani aliniita fundi mkuu, hayo hayawashi pikipiki ya mtu, kwa hiyo nimeyaacha.

Shule sikusoma. Niliishia darasa la tatu kwetu Kisarawe, na hilo la tatu lenyewe nililimaliza nusu, maana nguruwe wa porini walikuwa wanamaliza mihogo yetu na ilibidi mtu akae shambani awafukuze. Kuandika sawasawa nimejifunza ukubwani, kwenye madarasa ya watu wazima, chini ya binti mmoja aliyeweza kuwa mwanangu na aliyetuchapa kwa maneno kuliko mwalimu wa fimbo. Kwa hiyo mkiona kosa humu, msilicheke. Pikipiki nilizowasha mimi hazikuwahi kuniomba cheti.

Kazi nilianza mwaka uleule wa Uhuru, kwenye banda la makuti karibu na boma la Kisarawe. Mwenye banda alikuwa Mzee Maganga, Mnyamwezi, aliyekuwa dereva wa jeshi la Mwingereza wakati wa vita vya Hitla. Nilimkuta amelala chali chini ya gari, nikamwamkia, nikasema natafuta kazi. Hakutoka.

"Kabila gani?"

"Mzaramo."

"Aa, mtani. Ngoma ikilia huko Masaki, si utaniachia injini wazi ukimbilie kucheza?"

Nikamjibu, "Na wewe Mnyamwezi ulikuja pwani kubeba mizigo ya watu. Mizigo imekwisha ndiyo umeona ubebe spana."

Akatoka chini ya gari anacheka, akanitupia tambara lenye grisi. Hiyo ndiyo ilikuwa ajira yangu, na hakuna mtu aliyenipa nyingine.

Kwa muda mrefu hakuniruhusu kushika bisibisi. Kazi aliyonipa ilikuwa kuwauliza wenye pikipiki. Alikuwa anasema umeme huuoni, lakini mtu aliyekuwa amepanda unamwona, basi muulize huyo unayemwona. Imezima ghafla au ilikohoa kwanza? Ikizima ghafla kama mtu aliyezimiwa taa, huo ni umeme. Ikikohoa, ikasitasita, ikafa polepole, tazama petroli kabla hujachezea waya. Taa ya mbele ilibaki au nayo ilikwenda? Ulikuwa unapanda mlima, unashuka, au unakata kona? Mimi niliona maswali hayo ni ya uzee. Halafu akaja mpima ardhi mmoja ambaye pikipiki yake ilikuwa inazima kila akikata kushoto tu. Mafundi wa mjini walishambadilishia plagi, koili na betri. Mzee Maganga hakufungua hata nati. Aligeuza usukani kushoto, akasikiliza injini ikifa, akaugeuza kulia, akaniambia, "Tazama shingoni." Pale shingoni, waya ulikuwa umesuguliwa na chuma mpaka ngozi yake ikaisha, na kila usukani ukigeuka kushoto shaba inagusa bodi. Akaukata, akauunga, akaufunga kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Tangu siku hiyo sikuona tena kuwa kuuliza ni uzee.

Zana zangu mnazijua, lakini nitazitaja, maana siku hizi naona kijana ana sanduku zima na bado anahangaika. Globu ndogo ya taa ya breki, nyaya mbili zimeunganishwa nayo. Waya mmoja bodini, mwingine unatafuta nao umeme unaishia wapi. Basi. Msasa laini wa kusafishia pointi, vile vichuma viwili vinavyofunguka na kujifunga kila injini inapozunguka ili koili itoe cheche. Nafasi kati yao nilikuwa naipima kwa karatasi ngumu ya pakiti ya sigara, mimi nisiyevuta. Betri nilikuwa naitia maji ya mvua yaliyokingwa uwanjani kwenye bakuli, si yaliyopita juu ya bati, na mtu aliyeniletea betri yenye maji ya kisima nilimrudisha nayo. Na zile pikipiki za zamani za Mwingereza, kumbukeni, chanya ndiyo inafungwa kwenye bodi. Ukifunga kama ulivyozoea utaunguza kila kitu, kisha utasema umerogwa.

Mzee Maganga aliporudi kwao Tabora niliendelea na banda peke yangu. Kisha watu wakahamishiwa vijijini, njia zikabadilika, wateja wakawa wanapita barabara ya Morogoro, nami nikahamia Maili Moja. Baadaye, vita vya Uganda vilipokwisha, vipuri navyo vilikwisha. Miaka hiyo ndiyo iliyotenganisha mafundi na wabadilisha vipuri. Kondensa, kile kikopo kidogo kinacholinda pointi zisiungue, ya lori nimeifunga kwenye pikipiki na ikaenda. Waya niliutoa kwenye redio zilizokufa. Panya nao walikuwa wanatuongezea kazi: watu walikuwa wanalaza pikipiki chumba kimoja na magunia ya mahindi, panya akimaliza mahindi anahamia kwenye waya.

Katika miaka hiyo ndipo alipokuja Shabani.

Shabani alikuwa karani wa mizani ya korosho katika kijiji kimoja upande wa Kisarawe, kijana mwembamba kama ufito, mpole, mtu wa kutazama chini. Pikipiki yake ilikuwa ya Kijapani, kuukuu, yenye kiti kirefu cha watu wawili. Akaniamkia, nikaitikia, nikamuuliza ina nini.

"Inazima, fundi."

"Inazimaje?"

"Inazima tu. Ghafla."

"Ukiwa unafanya nini?"

"Nikiwa natembea."

Pointi zilikuwa chafu, nikazisafisha. Plagi ilikuwa nyeusi, nikaipiga brashi. Nikaipanda mpaka Mkuza na kurudi, inalia kama cherehani. Akaondoka nayo. Akarudi. Safari hiyo nikambadilishia kondensa. Akaondoka. Siku aliporudi tena alikuja na lori la mkaa, bila pikipiki, akasimama mbele ya benchi kama mtu aliyefiwa.

"Shabani," nikamwambia, "mimi nakuuliza swali moja na wewe unanijibu nusu. Pikipiki inazima ukiwa unafanya nini?"

Akatazama pembeni. "Nikimpakia mke wangu."

Hapo ndipo maneno yakatoka yote. Alikuwa ameoa karibuni, binti wa Mlandizi anayeitwa Tatu. Tangu harusi, kila Tatu akikaa nyuma, pikipiki inakwenda kidogo, inazima. Akishuka, kiki moja, inawaka. Akipanda, inazima. Mara nyingi Shabani alikuwa anaondoka na pikipiki, mkewe anamfuata kwa miguu, na kijiji kizima kinatazama.

"Ukimpakia mtu mwingine?"

"Nimpakie nani, fundi? Mtu ukishaoa, nyuma pale ni pa mkeo."

Hilo nililielewa. Huko kwetu ndiyo heshima yenyewe. Lakini heshima hiyo ilikuwa imeficha ugonjwa.

"Sasa mama anasema mwanamke ana mkosi," akaendelea. "Anasema chuma hakina chuki na mtu, kikimkataa kimeona kitu. Mjomba amekubali. Leo alasiri wazee wanakaa, na mimi natakiwa niandike talaka. Pikipiki wameniambia nisiitoe mpaka waniruhusu."

"Na wewe unataka kuiandika hiyo talaka?"

"Sitaki."

"Umewaambia?"

Nikachukua globu yangu, spana na bisibisi, nikapanda naye lori lilelile lililokuwa linarudi.

Tulipofika wazee walikuwa wameshakaa barazani. Mjomba wake, Mzee Pazi, ndiye aliyekuwa mwenye kikao, mtu mnene mwenye sauti ya kuadhinia. Mama yake Shabani, Bi Mwajuma, alikuwa amekaa mlangoni, mwanamke wa mifupa mikubwa, kanga kiunoni. Tatu alikuwa amesimama peke yake kwenye kona ya nyumba, na miguuni pake kulikuwa na furushi. Alikuwa ameshafunga nguo zake. Hakuwa analia. Alikuwa anawatazama mmoja mmoja, kama mtu anayewakariri.

"Fundi karibu," akasema Mzee Pazi, "lakini umechelewa. Ugonjwa tumeshaujua."

"Mzee, mimi nimeitwa kutazama pikipiki. Nitazame, niende zangu."

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo kazi ilipokuwa. Ningeweza kuanza kufungua. Hitilafu ningeipata, sikuwa na shaka nayo hata kidogo. Lakini ningeitengeneza kwanza, halafu Tatu apande na isizime, watu wale wangesema fundi wa Maili Moja ana dawa ya kuondoa mkosi. Pikipiki ingepona na mwanamke angebaki na jina. Kwa hiyo spana sikuitoa mfukoni. Mzee Maganga alinifundisha ukitaka kujua kinachozima, badilisha kitu kimoja tu, vingine viache palepale. Pale kitu cha kubadilisha kilikuwa abiria.

Nikamwambia Shabani awashe. Ikawaka. Azunguke uwanja peke yake. Akazunguka, safi. Kisha nikasema, "Nataka mtu mmoja akae nyuma. Asiwe Tatu."

Wanaume wakatazamana. Hakuna aliyetaka kujaribiwa mbele za watu. Bi Mwajuma akainuka mlangoni.

"Nitapanda mimi. Mimi ndiye niliyemzaa. Hebu tuone kama chuma kitanikataa."

"Dada, na nyonga zako hizo?" akasema Mzee Pazi.

"Nyonga zangu zimebeba magunia yako ya korosho, leo zitashindwa kukaa kitini?"

Akapanda upande, akashika bega la mwanawe, akamtupia Tatu jicho moja. Shabani akaiondoa taratibu. Wakapita jikoni, wakapita mwanya wa uzio, wakaingia kwenye kishimo kidogo karibu na choo, na pikipiki ikafa. Tii. Kama iliyozibwa mdomo.

Kuku mmoja tu ndiye aliyekuwa anaongea. Kisha Mzee Pazi, ambaye alikuwa mtani wa dada yake tangu utotoni, akajikohoza.

"Basi na huyu tumrudishe kwao. Tatizo kwao ni hapahapa."

Baraza likaangua kicheko. Bi Mwajuma alibaki amekaa juu ya pikipiki iliyozima, uso umemvimba. Tatu hakucheka. Alikaa chini juu ya furushi lake, taratibu, kama mtu aliyekuwa amesimama tangu jana.

"Shuka, mama," nikasema. "Sasa nafungua."

Nikaisukuma pikipiki kando, nikalegeza nati za kiti, nikakiinua. Bi Mwajuma alikuwa ameshuka lakini hakuondoka, alisimama nyuma ya bega langu. Chini ya kiti, katikati, ilikuwa inaning'inia hirizi. Si ya kitambaa, ilikuwa ya kibati, aina ile iliyokunjwa na kulehemiwa ikafumbwa, imefungwa kwenye chuma cha kiti kwa waya wa shaba. Na moja kwa moja chini yake palikuwa na koili, na kile kichwa chake kidogo kinachopeleka waya kwenye pointi. Mtu mmoja mwembamba akikaa, kiti hakishuki sana. Wakikaa wawili na wakiingia shimoni, kinazama, kibati kinagusa kichwa cha koili, umeme unapita kwenye bati, kwenye shaba, unaingia bodini. Hakuna cheche, hakuna moshi, hakuna kinachoungua. Ndivyo swichi ya kuzimia inavyofanya kazi. Kiti kikipanda, hakuna alama iliyobaki. Hitilafu safi kuliko zote nilizowahi kuona, na aliyeifunga alikuwa na mkono mzuri, hata nyinyi wengine hamfungi waya hivyo.

Nikaifunika kwa kiganja kabla wale wa barazani hawajasogea, nikainua macho. Bi Mwajuma alikuwa ananitazama mimi, si hirizi.

Nikasema kwa sauti ndogo, "Mama, hii ni ya nani?"

Akatazama kule barazani. Kisha akasema, kwa sauti ndogo vilevile, "Kaka yake Shabani lori lilimchukua, barabara ya Morogoro. Wewe ulikuwa hukohuko, huenda ulisikia. Huyu ndiye aliyebaki. Alipooa nikasema macho ya watu yatakuwa mengi, nikamfungia hiki kibati. Nilikifunga siku ya harusi, watu wakiwa kwenye ngoma."

"Si kwa ajili ya kumtoa mwanamke?"

"Haki ya Mungu, sikujua. Nilisema chuma kinamkataa, na nilikuwa naamini."

Nilimwamini. Mtu anayeficha ubaya hapandi mwenyewe mbele ya kijiji.

"Mama, nitakwambia kama fundi. Hiki ulichomfungia kinamzimia pikipiki katikati ya njia. Inapozima, lori linalokuja nyuma yake halijui kuwa amesimama."

Aliweka mkono mdomoni. Nikamshika kiwiko. Kisha nikamwambia ninachoweza kufanya. Nitawaambia wazee kuna waya umegusa bodi, na huo si uongo, kwa kuwa waya upo na bodi umegusa. Hirizi nitaiweka mfukoni nimrudishie baadaye. Hakuna atakayejua. Siri ya chini ya kiti ni ya mwenye pikipiki na fundi, nimetunza nyingi.

"Kifungue," akasema.

"Kifungue wewe mama, ulikifunga vizuri mno."

Akainama, akaufungua ule waya kwa vidole vyake, zungusho kwa zungusho. Nikasubiri anipe. Hakunipa. Alikikumbatia kile kibati kiganjani, akavuka uwanja, akasimama mbele ya ndugu yake.

"Pazi, kikao kimekwisha. Kilichokuwa kinazima pikipiki nilikifunga mimi. Ni kinga ya mwanangu, nilikiweka pasipo pake. Huyu mtoto wa watu hana kitu."

Kwa mara ya kwanza Mzee Pazi hakutania. Akasema tu, "Basi nimesikia," na wazee wakaanza kutafuta viatu vyao.

Mimi nilirudisha kiti, nikakaza nati, nikakizungushia kile kichwa cha koili kipande cha mpira kwa usalama. Shabani akawasha. Ikanguruma vizuri. Akasogea nayo mpaka pale aliposimama mkewe, uso umemkunjuka.

"Panda, Tatu. Twende kwenu ukawasalimie, turudi jioni."

Tatu akaokota furushi lake. "Sipandi."

"Imepona."

"Nimeona imepona. Kwetu nitakwenda, na nitakwenda kwa miguu mpaka njia kuu. Na nitakaa huko mpaka anifuate yule aliyesema nina mkosi. Wewe ukinifuata sirudi."

Sijapata kuona binti wa umri ule akisema hivyo mbele ya wakwe, na sitasema alikosea. Shabani akamtazama mama yake. Bi Mwajuma akatoka pale alipokuwa, akalichukua lile furushi mikononi mwa mkwewe, akalitwika kichwani pake mwenyewe.

"Nitakufuata," akasema. "Leo nikusindikize."

Wakaondoka wawili. Shabani akawafuata nyuma na pikipiki, gia ya kwanza, polepole, kiti cha nyuma kitupu. Kazi yangu ilikuwa nzuri na hakuna aliyekaa juu yake kuijaribu.

Jambo hilo lilinikaa moyoni. Watu husema "nitakufuata" kirahisi, hasa wakiwa na aibu, na aibu ikipoa neno nalo linapoa. Mvua za masika zilikwisha. Kisha asubuhi moja nikasikia injini ninayoijua inapunguza mwendo mbele ya benchi. Shabani, na nyuma yake, amekaa upande, kanga mpya, ni Bi Mwajuma. Nikamwamkia. Kiti kilikuwa kimezama kabisa na injini haikukatika.

"Tunakwenda Mlandizi," akasema. Shabani alitaka nimtazamie pointi. Nikatazama, zilikuwa safi.

Bi Mwajuma alikuwa anakigusagusa kile kiti. "Fundi, kurudi tutakuwa watatu. Hiki kinabeba watatu?"

"Kiti ni cha wawili, mama."

Akafikiri kidogo, kisha akamgonga mwanawe begani.

"Umemsikia fundi. Tukifika huko unionyeshe basi linasimama wapi. Mimi nitarudi na basi."